Siku Tuliyokunja Mikeka

Niseme mapema, mtu asije akaniona mwema kuliko nilivyokuwa: miaka ile nilikuwa na mdomo. Nilimfokea dereva kwa kuchelewa dakika tano. Nilimfokea mama wa mgahawani kwa chumvi. Siku moja nilimfokea mama yangu mzazi kwenye simu kwa sababu aliniuliza kama nimekula. Niliamini hiyo ndiyo tabia yangu, nimezaliwa nayo. Wenzangu kazini waliniita Pilipili nikigeuza mgongo, nami nilisikia nikanyamaza, maana jina lenyewe lilinipendeza kidogo.

Tulikuwa wanne: mimi, mwanamke niliyekuwa kiongozi wa timu, dereva, dada mmoja wa Ukerewe aliyekuwa mdogo wetu kwa umri, na mwanamume wa Kagera ambaye zamani alifundisha shule ya msingi, kwa hiyo wote tulimwita Mwalimu. Shirika letu lilikuwa dogo. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Pasiansi, na kibarazani tulipanga gambuti zetu kila jioni baada ya kuzisuuza.

Ziwa lilikuwa limepanda. Halikuja kwa kishindo kama mto uliofurika. Lilipanda polepole, wiki baada ya wiki, likaingia kwenye mihogo, likaingia vyooni, mwisho likaingia ndani kwa watu na halikutoka. Watu wa mwambao walihamia juu, wengine kwa ndugu, wengine chini ya maturubai. Kazi yetu ilikuwa kupita kaya kwa kaya na vishikwambi vyetu, kuandika nani amepoteza nini na anahitaji nini ili asimame tena. Bati, mbao, misumari, choo. Kugawa hakukuwa juu yetu. Tuliandika, tukapeleka, tukarudi kuwaambia watu wasubiri kidogo, halafu tukaandika tena.

Kila Ijumaa nilijaza fomu ya ofisi iliyouliza hali ya kila mfanyakazi. Niliandika "nzuri" mara nne, nikasaini. Sikujiona mwongo, maana nilikuwa nimewauliza asubuhi, "Habari za kazi?" nao walijibu, "Nzuri." Ndivyo tulivyolelewa. Unaulizwa habari, unajibu nzuri hata kama umetoka kuzika, ndipo unaongeza: ila mtoto anaumwa, ila nyumba imeungua. Lakini anayekuuliza akiwa na haraka, ile ila unaimeza. Na mimi nilikuwa na haraka kila siku.

Si kwamba makao makuu hawakujaribu. Walituletea mtaalamu wa kutufundisha kujitunza. Alibandika chati ukutani, akatufumbisha macho, akatuambia tuvute pumzi na tufikirie mahali penye utulivu, kwa mfano kando ya maji. Dereva alifumbua jicho moja akanitazama. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na mtaalamu wa watu akacheka nasi bila kujua kwa nini. Aliacha kanuni moja ukutani: kila wiki sita za uwandani, wiki moja ya mapumziko, anayehitaji ajaze fomu. Hakuna aliyejaza. Ungejazaje, na mama mwenye watoto watano analala chini ya turubai na ana namba yako ya simu? Kupumzika tuliona ni kitu cha watu wa benki. Mimi nilikuwa wa kwanza kujivunia hilo.

Sasa, huyu Mwalimu. Mwanzoni alikuwa mzito kuliko gari la ng'ombe. Akiingia kwenye kaya, hatoki. Atasalimia mpaka bibi wa nyumba ya pili. Atakaribishwa michembe, vile viazi vitamu vikavu, atasema kwao Kagera michembe hupewa mbuzi, wenyeji wa Kisukuma watamrukia kwa maneno, na mwisho atamaliza sahani nzima huku anatukanwa kwa mapenzi. Halafu ndipo atasikiliza. Alikuwa anaweka kishikwambi chini, anaegemeza kidevu kwenye ngumi, anasikiliza mpaka mtu akamaliza. Sisi watatu tulikaa garini tukimngoja. Nilimwambia zaidi ya mara moja, "Mwalimu, ulikwenda kuandika fomu au kuposa?"

Kisha akawa mwepesi. Siwezi kusema ilianza siku gani. Niliona tu kwamba sasa yeye ndiye alikuwa wa kwanza kurudi garini, amekaa, amefunga mkanda. Chai aliyokaribishwa aliiacha ikipoa kwenye kigoda. Utani wa michembe uliisha. Idadi ya kaya zake kwa siku ilipanda ikaipita ya kila mtu. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamsimamisha kwenye kikao cha Jumatatu nikasema, "Mnamwona Mwalimu? Mtu hubadilika. Mpigieni makofi." Walimpigia. Yeye alitabasamu kwa midomo tu, akakaa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami niliifahamu methali hiyo tangu utoto, lakini siku hiyo haikunijia hata kidogo.

Kijiji kilichotufumbua macho kilikuwa kusini mwa jiji. Unapita Mkolani, unashuka njia ya vumbi mpaka kwenye mawe ya mwambao. Tulikuwa tumekwenda na kurudi pale kwa miezi minne. Kulikuwa na mjane mmoja, mwanika dagaa, mama wa makamo mwenye sauti inayofika ng'ambo. Siku hiyo nilikuwa napita kaya ya jirani aliponiita kwa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo huku." Alinivuta nyuma ya turubai lake kama mtu mwenye siri. "Yule mwalimu wako anaumwa?"

"Haumwi, mama. Kwa nini?"

"Basi amenidharau."

Nikamwambia Mwalimu hawezi kumdharau mtu, si desturi yake. Akanitazama kama mtu anayepima kama nastahili kuambiwa.

"Kaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia nyumba, nikamwambia kichanja cha dagaa. Nikamwambia na kaburi la mume wangu. Liko chini ya maji, mwanangu. Nilimzika pale pembeni ya nyumba ili nimwone, na sasa sato wanapita juu yake. Unajua yeye kaniuliza nini?"

"Hapana, mama."

"Kaniuliza, choo chako cha zamani kilikuwa na mlango?"

Alisema bila kulia. Nadhani kama angelia ningepata nafuu. "Mara ya kwanza alipokuja alikaa na mimi mpaka dagaa wakakauka. Leo kaniandika kama mbuzi wa mnadani."

Nilikwenda garini nimewaka. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, mkanda umefungwa, kishikwambi magotini. Nilimsema mbele ya dereva na mbele ya dada wa Ukerewe. Nilimwambia ametuaibisha. Nilimwambia hata mnyama angeshtuka. Leo nikiyakumbuka maneno yale natamani kuyarudisha moja moja. Aliniacha nikamaliza, kama alivyokuwa akiwaacha watu wamalize.

"Nilimsikia, dada," alisema. "Nilisikia kaburi. Nikatafuta mahali pa kuliandika, sikupaona. Basi nikaenda swali linalofuata." Alizima kishikwambi. "Zamani ningeumia. Sasa hivi nimekaa hapa nangoja niumie, na maumivu hayaji."

Kwa mtu mwenye masikio, hapo ndipo pa kufunga mdomo na kumshika mkono. Mimi nilisema, "Kesho utarudi umwombe radhi," nikamwamuru dereva awashe gari. Tulikwenda mpaka Mkuyuni, ambako Mwalimu alikuwa amepanga chumba karibu na soko. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akatuambia, "Usiku mwema." Jua lilikuwa bado linawaka na watu wananunua nyanya.

Asubuhi nilikuta gambuti zake kibarazani, amezileta kabla hatujafika, zimesuguliwa mpaka kwenye nyayo. Ndani ya moja kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu kweli, umesimama wima. Aliomba kuacha kazi. Alisema watu wale wanastahili mtu anayesikia, na yeye amekuwa mtu mbaya, hajui lini.

Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza nikalia. Wafanyakazi huacha kazi kila mwaka, hilo nililizoea. Lakini kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa na moyo laini zaidi, na sasa angepanda meli kurudi kwao Kagera, kwa mke wake na watoto, akiwa anaamini kabisa kwamba yeye ni mtu mbaya. Na mimi nilikuwa nimempigishia makofi wakati moyo wake unakauka. Barua sikuipeleka makao makuu. Niliitia mkobani, nikamwambia dereva anipeleke kijijini nikaombe radhi mwenyewe.

Yule mama nilimkuta akigeuza dagaa juu ya mawe. Nilichuchumaa pembeni nikaanza naye kugeuza, kwa sababu sikujua niseme nini nikiwa nimesimama. Nilimweleza yote, mpaka barua. Nilipomaliza hakuniambia pole. Aliuliza, "Ninyi mmekaa hapa tangu lini?"

"Miezi minne, mama."

"Na kabla ya hapa?"

Nikamtajia kijiji cha kabla, na cha kabla ya hicho.

"Mama yangu!" Aliacha dagaa, akakaa chini kabisa. "Basi mmekaa msibani kuliko sisi wenye msiba. Matanga yenu nani kayaanua?"

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza kwa kuchoka kidogo, kama unavyomweleza mtu msomi jambo linalojulikana. Mumewe alipofariki watu walijaa, mikeka ikatandikwa uani, wakala na kulala pale. Siku ilipofika, ndugu wa mume walifagia uwanja, wakakunja mikeka, wakazima moto wa nje, wakapika chakula cha mwisho, wakawatangazia watu kila mtu arudi kwenye shughuli zake.

"Hakuna aliyeniuliza kama nimemaliza kulia," alisema. "Sikuwa nimemaliza. Mpaka leo sijamaliza. Lakini wangeningoja mimi niseme sasa basi, mikeka ile ingeozea uani. Mfiwa haanui matanga mwenyewe. Anaanuliwa." Akanitazama. "Na wewe umemngoja mwalimu wa watu aseme mwenyewe."

Niliikumbuka ile kanuni ukutani: anayehitaji ajaze fomu. Miezi yote tulikuwa tunamngoja mfiwa akunje mkeka wake.

Tulipanga Jumamosi. Mwalimu hakutaka kwenda. Nilimkuta chumbani kwake Mkuyuni, begi limeshafungwa, amekaa kitandani na viatu vyake vya safari. "Nitamtazamaje yule mama usoni, dada?" aliuliza. Nikamwambia hakuna anayemtaka atazame mtu, kuna mikeka ya kukunja na mikono imepungua. Hilo alilielewa. Mtu aliyelelewa vizuri akiitwa msibani kukunja mikeka haulizi maswali.

Kijijini walikuwa wametandika mikeka mitatu mbele ya turubai tulilokuwa tukilitumia kuandikia watu. Tulikaa, tukala ugali na sato wa mchuzi, na majirani wakaleta michembe na karanga. Bibi mmoja alimsogezea Mwalimu sahani yake kwa makusudi akasema, "Kula, mbuzi wa Kagera." Watu walicheka. Yeye alichukua kipande kimoja, akakitafuna muda mrefu.

Tulipomaliza, dereva alifungua kamba za turubai. Dada wa Ukerewe alifagia. Mimi na Mwalimu tulikunja mikeka, kila mmoja ameshika upande wake, tukakutana katikati mara tatu. Kwa kawaida anayetangaza huwa ni mzee wa ukoo. Siku hiyo alitangaza yule mama, na hakuna aliyembishia.

"Mlikuja, mkakaa nasi, tumewaona," alisema. "Msiba huu ni wetu, tunabaki nao. Bati zitakuja au hazitakuja, tutaulizana tukionana. Sasa nendeni mkawaone watu wenu. Kila mtu arudi kwenye shughuli zake."

Maneno yenyewe hayakuzidi hayo. Nilimwona Mwalimu akiweka mkeka chini, akamwendea.

"Mama," alisema, "lilikuwa upande gani?"

Mama hakuhitaji kuuliza kama ni kaburi. Alinyoosha mkono majini, kwenye mpera uliokuwa umebakiza matawi ya juu tu. "Pale, mkono wa kushoto wa mpera." Mwalimu alikaa kwenye jiwe. Mama akakaa. Akaanza kumweleza habari za mumewe, kwamba alikuwa fundi baiskeli, kwamba hakujua kuogelea ingawa alizaliwa hapo hapo, na jinsi alivyokuwa akimchokoza kwamba siku moja ziwa litamfuata nyumbani. Hapo Mwalimu aliinamisha kichwa akalia. Mama aliendelea na hadithi yake, mkono wake mmoja ukiwa mgongoni mwa Mwalimu, akimpigapiga kama anavyobembelezwa mtoto. Tuliwangoja garini kwa muda mrefu. Sikupiga honi wala kumtuma mtu.

Jumapili nilimsindikiza bandarini akapanda meli ya Bukoba. Nilimwambia arudi baada ya wiki tatu na asinipigie simu hata moja. Barua yake nilibaki nayo.

Alirudi amenenepa mashavu, na fuko la ndizi na kopo la senene, wale panzi wa kukaangwa wa kwao, alilokataa kumpa dereva mpaka aombe kwa adabu. Nilimrudishia barua. Aliisoma kama insha ya mwanafunzi, akasema mwandiko ni mzuri ila mawazo yana makosa, akaitumia kufungia karanga. Siku ya kwanza uwandani alirudi garini wa mwisho, amechelewa sana, na mimi moyo ulinijaa furaha mpaka nikageukia dirishani.

Tangu hapo kanuni ya ukutani tuliibandua. Kila kijiji tulichomaliza tulikunja mikeka pamoja na wenyeji. Na mapumziko hakuna aliyejiombea: wenzako ndio waliokuambia zamu yako imefika, nawe ulikwenda. Alianza dada wa Ukerewe, akafuata dereva. Ilipofika zamu yangu nilikuwa na ripoti. Wiki iliyofuata nilikuwa na wageni wa makao makuu. Wiki iliyofuata nilikuwa na kitu kingine ambacho leo sikikumbuki.

Asubuhi moja nimekaa kibarazani naandika, nikasikia ufagio. Alikuwa Mwalimu, anafagia kukizunguka kiti changu.

"Inua miguu, dada."

"Unafanya nini?"

"Mkeka wako bado uko chini."

Nilimpandishia sauti. Nilimwambia mimi sijachoka, mimi ndivyo nilivyo, wasiopenda pilipili wasile. Hakuacha kufagia.

"Hapana, dada," alisema kwa upole. "Nilipoanza kazi hapa ulikuwa unacheka kuliko sisi wote. Ulikuwa unaimba ukisuuza gambuti. Tulikuwa tunakuambia unatupigia kelele." Akaegemeza ufagio ukutani. "Kinyozi hajinyoi. Tumekuja kukunyoa."

Nilitaka kujibu. Nilianza kutafuta jibu kali, nina mengi, nikakumbuka nyimbo. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa naimba. Dada wa Ukerewe alinitoa kishikwambi mkononi bila kuniangalia usoni. Nje ya geti dereva alikuwa ameshawasha gari, na begi langu, ambalo sikujua nani alilipanga, lilikuwa kwenye kiti cha nyuma.

Walinipeleka Mkolani, kwa mama yangu. Ni mwendo wa chini ya saa moja kutoka ofisini, na ingawa tulipita Mkolani miezi yote tukienda kijijini, nilikuwa sijaingia kwake tangu ziwa lilipoanza kupanda. Mama alikuwa jikoni nje, anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

Hakurudi kwenye mchele. Aliweka ungo chini, akanitazama, akangoja. Kuku walipita katikati yetu na yeye bado anangoja.

"Ila nimechoka, mama," nilisema. "Nimechoka sana."

Alinyanyuka akanivua mkoba begani, akaupangusa vumbi kwa kanga yake kabla ya kuuweka.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema bado. Akanisogezea kigoda, nikakaa pale pale jikoni, nikala.